Sauti ya Mama Mbele ya Chui Mweupe

Popo amefariki. Habari zilinikuta jikoni kwangu Mbweni, mikono imelowa tui la nazi, na aliyezileta ni binti yake: picha moja ya mama yake akicheka, na chini yake maneno machache ya Kichina kwamba ameondoka usingizini, kabla joto halijapamba moto. Nilinawa, nikaketi kwenye kigoda, wali ukaungua. Mume wangu aliingia akauliza nani amekufa. Nikamjibu, "Bibi yangu." Akanikodolea macho, maana bibi zangu wote wawili aliwazika yeye mwenyewe pamoja na kaka zangu. Ikabidi nimweleze. Nilipoanza tu nikaona siwezi kumweleza Popo bila kueleza ule msimu wa kimbunga, na kimbunga nacho hakielezeki bila kumtaja chui.

Popo ni neno la Kikantoni, maana yake bibi mzaa mama. Mama yangu alipolisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu mzima mzima unamwita popo? Analala miguu juu?" Yeye hakuliweza jina hilo. Alimwita yule bibi wa michezo.

Tulikuwa tukikaa Guangzhou, upande wa Panyu, ndani ya mtaa wa maghorofa uliozungushiwa ukuta, wenye bwawa la kuogelea na ziwa dogo la kuchimbwa. Wenye nafasi zao walinunua nyumba pale ili waje kupumzika mbali na makelele ya mjini. Sisi tulipanga chumba na sebule, kwa sababu mama alitaka niishi mahali penye geti. Baba alikuwa Unguja akipokea mzigo, mama akiutafuta. Alfajiri alikuwa soko la Shahe akigombania magauni na wenzake, mchana yuko Xintang kwenye karakana za jinzi, jioni anarudi kavimba miguu. Kichina chake kilikuwa cha sokoni: bei, rangi, saizi, na kuwaita wenye maduka laoban. Mimi nilisoma shule ya pale pale, na lugha ikaniingia kama maji kwenye mchanga. Basi nikawa mdomo wake. Benki, kliniki, kwa mwenye nyumba, popote pale, mama alisema nami nikasema.

Kila likizo ya joto mtaa ulijenga jukwaa la mianzi. Mafundi waliyafunga mafito kwa kamba bila msumari hata mmoja, wakaezeka kwa mabati, na kwa majuma kadhaa wazee waliokuwa waigizaji enzi zao wakaimba michezo ya kale ya Kikantoni kila jioni, watu wakijipepea kwa pepeo na kula tikiti. Nafasi ndogo ndogo walipewa watoto wa mtaani. Popo ndiye aliyekuwa mkuu wao wote. Alikuwa mwembamba, nywele kakata fupi kama mwanamume, na akitembea ungedhani kuna mtu anampigia ngoma. Alinikuta kando ya bwawa nikipiga sarakasi peke yangu, akasimama kunitazama.

"Unaogopa watu?" aliniuliza kwa Kichina cha shuleni, chenye lafudhi nzito ya Kikantoni.

"Hapana."

"Basi njoo."

Akanifanya askari kamba, kamba yule wa baharini, katika jeshi la mfalme wa bahari. Nilikuwa na mkuki wa mwanzi na ndevu mbili ndefu za waya kichwani. Mama alikubali kwa shingo upande. Alinisimamisha sebuleni akanipa masharti: nisishike udi wao, nisiiname mbele ya sanamu, nisile chochote nisichokijua. "Cheza," alisema, "lakini ujue unatoka wapi." Nadhani alikubali kwa sababu likizo ya kabla yake aliniacha na televisheni tu, na siku moja alirudi akanikuta nazungumza na feni.

Mwaka ule jukwaa lilihamishwa. Kandoni mwa ziwa, mahali pake pa kila mwaka, palikuwa panatengenezwa, kwa hiyo wakajenga kwenye uwanja wa geti la nyuma, mahali ambapo hapajawahi kuchezwa kitu. Ardhi mpya, Popo alituambia, ina mwenyewe. Kabla ya kuimba lazima afukuzwe Chui Mweupe. Nasema chui kwa sababu ndivyo nilivyomtafsiria mama. Alikuwa simbamarara, lakini nani kwetu anamjua simbamarara? Popo alituketisha watoto wote chini, akatueleza kwa sauti ya chini. Jenerali mwenye uso mweusi atatoka. Chui atatoka. Watapigana, na jenerali atamfunga mnyororo. Tangu ngoma ianze mpaka jenerali afute rangi usoni, hakuna kusema. Hakuna kumwita mtu jina.

"Na mtu akisema?" niliuliza.

Popo hakuwa mtu wa kudanganya watoto. "Chui humfuata aliyesema."

Wenzangu mliolelewa na bibi wa Kiswahili mnajua ni sauti gani ile. Ndiyo sauti niliyosimuliwa nayo habari za majini wa mapangoni, za paka mweusi asiyefaa kupigwa usiku. Sikuichukua kama hadithi. Niliichukua kama taarifa.

Shughuli ilikuwa mchana, jua limesimama. Nyuma ya jukwaa palinuka mianzi mibichi, jasho na mafuta ya rangi. Jenerali alipakwa uso wote mweusi tititi, na mimi, mtoto pekee mweusi pale, nilivimba kichwa kimoyomoyo kwamba mwenye nguvu kafanana na mimi. Ukingoni mwa jukwaa walining'iniza pande la nyama mbichi ya nguruwe, chambo cha chui. Iliyobaki ilikuwa kwenye beseni, na mimi nilisukumwa na wenzangu mpaka nikawa nimechuchumaa ubavuni mwa beseni lile, mahali pekee palipopenya jicho.

Ngoma ikalia. Upatu ukajibu. Watu wazima wote wakafunga midomo, na kimya kile kilikuwa na uzito, ungeweza kukiegemea. Chui akatoka kwa miguu minne, manyoya meupe yaliyochakaa, taya likifunguka na kufumba. Akainusa nyama. Jenerali akamrukia. Hapana aliyeimba wala kuguna, ngoma tu. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikaona chui amegeuza kichwa kuelekea kwetu.

"Salha! Toka hapo! Usiguse, nguruwe huyo!"

Alikuwa mama. Alikuwa ametoka Shahe moja kwa moja, mifuko ya plastiki miwili kila mkono, mtandio umemteleza, na alichokiona yeye ni mwanawe kachuchumaa juu ya beseni la nyama ya nguruwe. Hakujua kitu kingine.

Mpiga ngoma hakusimama, lakini mkono wake ulisita. Chui alisita. Kila jicho nyuma ya jukwaa lilimgeukia mama yangu, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa. Mama alisimama na mifuko yake akitazamwa na watu waliokunja nyuso bila kufungua midomo. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, aliniambia alidhani wanamwonyesha kwamba hatutakiwi pale.

Jenerali alimaliza, akamtoa chui kwa mnyororo, akafuta rangi. Watu wakapumua. Popo akaja mbio, akamshika mama mkono.

"Mwambie mama yako," alisema, "asiende mbali. Hasa kusini, kwenye maji. Akae nyumbani mpaka mchezo uishe."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema chui amekusikia. Usitoke mpaka mchezo uishe."

Mama aliutoa mkono wake polepole. "Mwambie mimi namwogopa Mungu peke yake. Na mwambie mtoto wangu si wa kukalishwa na nguruwe."

Nilimtazama Popo. Uso wake ulikuwa umepauka, nami nikaona amekasirika. "Anasema ahsante," nikatafsiri.

Siku ile sikula. Nilipolala nilimwona chui chini ya jukwaa akisubiri, ameshalijua umbo la sauti ya mama.

Kesho yake, alfajiri, simu ya mama ililia. Wakala wa mizigo alikuwa akipiga kutoka ghala lililo karibu na bandari ya Nansha. Makatoni ya mama yamechanganywa na ya mtu mwingine, kontena litafungwa leo kwa sababu kimbunga kinakuja na meli inataka kuondoka mapema. Asipokwenda kuyatambua mwenyewe, mzigo wa sikukuu utakwenda kwa jina la mtu mwingine. Nansha iko kusini. Nansha ni maji matupu.

"Mama, usiende."

"Nitarudi mchana."

"Mama, Popo alisema."

Aliacha kufunga mtandio. Akanigeukia, na hakuwa mkali, ilikuwa heri angekuwa mkali. "Salha. Chui wao hana mamlaka juu yangu wala juu yako. Umesikia? Soma Ayatul Kursi." Nikaisoma huku nalia, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye mlango wa Popo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mtaani wa kuniachia. Kwa mkono alionyesha: mtoto huyu, mimi naenda, narudi. Popo alimwambia kitu kwa Kikantoni, haraka haraka, akimshika shavu. Mama alitabasamu kwa adabu bila kuelewa, akaingia kwenye lifti.

Kufikia mchana mbingu ilikuwa na rangi ya manjano, kama mchuzi wa bizari uliolala. Upepo haukuwepo kabisa. Majani ya miti hayakutikisika, ndege hawakulia, na simu za watu wote mtaani zikaanza kulia kwa pamoja: kimbunga kimegeuza njia, kinakuja moja kwa moja. Walinzi wakapita na vipaza sauti. Watu wakabandika karatasi za gundi kwenye vioo. Dirishani kwa Popo niliwaona mafundi wakilifunga jukwaa kwa kamba zaidi, kisha nikawaona wanaziacha kamba wanakimbia.

Popo alimpigia mama. Simu imezimwa. Alipiga tena. Akampigia jamaa yake mmoja anayekaa huko kusini, akasikiliza, akakata, akaniambia treni za huko zimesimamishwa. Alisema kwa upole, kisha akaongeza kitu ambacho kwake kilikuwa kidogo: "Na mchezo nao umefutwa. Mwaka huu hatuchezi tena."

Naomba mnielewe. Alikuwa amesema mama akae mpaka mchezo uishe. Mchezo ndio uliokuwa mpaka wa chui. Sasa mchezo hautachezwa, kwa hiyo hautaisha kamwe, na chui hatamwacha mama maisha. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na haikuwa na kosa hata moja ndani yake.

Nilikimbilia chooni nijifungie. Njia ya chooni ilipita kwenye kibaraza cha kufulia, na hapo, juu ya mashine ya kufulia, kilikuwapo kichwa cha chui. Taya wazi. Manyoya yamelowa. Kilikuwa kinanitazama.

Sikumbuki nilivyopiga kelele, nakumbuka nilivyosikia kelele zangu zikija kama za mtu mwingine. Upepo ulikuwa umeshafika, madirisha yalikuwa yakilia kama mtu anayepuliza chupa. Popo alinikuta nimejikunja nyuma ya mlango. Alijaribu kuniinua nikamng'ata mkono. Hakuutoa. Aliketi sakafuni pamoja nami, na goti lake likalia kwa umri.

"Umeogopa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwikwi kwa kwikwi, chui, mama, maji, mchezo uliofutwa. Alinisikiliza bila kucheka. Kisha akainuka, akakichukua kile kichwa, akakigeuza ndani nje mbele ya macho yangu. Ndani palikuwa na mianzi myembamba, gazeti lililogandishwa kwa gundi, na taulo la kufutia jasho.

"Hiki alikivaa Mama Tambi," alisema. "Jasho lake lilinuka, nikakiosha."

Mama Tambi alikuwa mwanamke mnene wa getini aliyeuza tambi asubuhi, ambaye kila nikipita alinitania nywele zangu. Nilikitazama kichwa kile. Nilitaka kuamini. "Lakini wewe ulisema chui amemsikia."

Popo alikiweka kichwa kile chini, jengo zima likitikiswa. "Nilisema. Na redioni nilikuwa nimesikia kimbunga kinazaliwa baharini. Mama yako ni mtu wa kazi, nikafikiri habari za redio atazipuuza, labda habari za chui zitamtisha." Akajifuta uso. "Nami pia nilimwogopa chui, Salha. Niliamini vyote viwili. Ndiyo maana niliogopa sana."

Kumbe hakuwa amekasirika. Ule uso uliopauka ulikuwa wa mtu anayemwogopea mama yangu. Lakini jambo hilo halikunituliza. Lilinizidishia hofu, kwani mpaka wakati huo nilikuwa na mtu mzima mmoja asiyeogopa.

"Basi tucheze," nilisema. "Tuumalize."

Angeweza kusema hapana. Umeme ulikuwa unawaka na kuzima, nje mabati yalikuwa yakiruka. Badala yake alichukua simu akapiga mara mbili, na muda si muda tukashuka kwa ngazi mpaka ukumbi wa chini wa jengo, mimi na ndevu zangu za waya. Jenerali alikuja, mzee mstaafu wa kuendesha basi, safari hii na uso wake mwenyewe wenye mikunjo na fulana ya ndani. Mama Tambi akaja na mfuniko wa sufuria na mwiko, ndio upatu wetu. Majirani waliokuwa wamejikusanya pale, waliokimbia vioo vya nyumba zao, wakasogeza mabegi yao ukutani kutupa nafasi.

Tukacheza onyesho la mwisho, lile ambalo bahari inatulia. Popo aliimba sehemu za watu wote. Sijawahi kusikia sauti kama ile: nyembamba, kavu, ikipanda juu ya upepo na kukaa pale bila kushuka. Mlango wa kioo wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na kila upepo ulipousukuma mnyororo ulikaza na kulegea, kaza na kulegea, na mimi nilikuwa nikizunguka na mkuki wangu nikiutazama mnyororo ule kwa jicho moja. Katikati ya wimbo kitu kikubwa kiliporomoka nje, upande wa geti la nyuma, mlio mrefu wa mianzi mingi ikikatika pamoja. Watu wakapiga yowe. Popo hakukata wimbo. Alinitazama tu, nami nikapiga goti pale askari kamba anapopaswa kupiga goti, nikainamisha kichwa, mwiko ukagonga mfuniko kwa mara ya mwisho, na mchezo ukaisha.

Tukasubiri. Kimbunga hakikuisha. Mama hakuingia. Simu yake ilikuwa imezimwa vile vile. Nilikuwa nimefanya kila kitu, na dunia haikujibu. Hapo nililala mapajani mwa Popo, kwa uchovu tu, si kwa amani.

Asubuhi jua lilitoka kana kwamba halihusiki. Tulipofungua dirisha jukwaa lilikuwa rundo la vijiti kama kiota kilichopigwa jiwe, na jenerali aliyekuwa chini uani alipaza sauti kwamba chui ameridhika na jukwaa. Popo alimfokea anyamaze. Miti ilikuwa imelalia njia yote ya kutoka getini. Na katikati ya miti ile, akivuka shina baada ya shina, gauni limeshikwa juu ya magoti na viatu mkononi, alikuwa mama.

Hakwenda kwetu. Alikuja moja kwa moja mlango wa Popo. Alikuwa na matope mpaka kiunoni, sauti imekauka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa uso kama mtu anayekagua kitambaa, kisha akainua macho kwa Popo.

"Mwambie ahsante kwa kukulinda," alisema. Nikatafsiri. Alibaki amesimama. "Mwambie paa la ghala lilichukuliwa na upepo. Tulijibanza baina ya makontena, mimi na wanawake wengine, maji yanapanda. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi, ninayoisoma tangu utoto, nikafika kati nikasahau. Nikaanza tena, nikasahau tena." Akakamua pindo la gauni. "Mwambie niliogopa. Mwambie nilimfikiria chui wake."

Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza wala kupamba.

Popo alisema, "Mwambie ningemwona mwanangu karibu na kitu alichokatazwa, hata mimi ningepiga kelele. Jukwaa lolote, chui yeyote."

Nikamwambia mama. Popo aliingia jikoni, akatoka na birika la umeme lililokuwa likichemka na bakuli tupu, akaanza kutoa mayai ndani ya birika kwa kijiko. Mama aliyatazama.

"Kachemsha ndani ya nini?" aliniuliza chinichini.

"Birika la maji tu, mama. Hakuna kilichowahi kupikwa humo."

Akaketi. Alichukua yai, akajaribu kulimenya, lakini ganda likang'ang'ania nyama ya yai, likawa linatoka vipande vidogo vidogo. Popo akavuta kiti, akalichukua mkononi mwake bila kuomba, akalimenya, akalichovya chumvi, akamrudishia. Kisha akaanza la pili. Mama alikula akilia, akimeza yai na machozi pamoja, na kila alipomaliza moja lilikuwapo jingine tayari limemenywa. Walikaa hivyo mpaka birika likawa tupu, na hakuna kati yao aliyeniambia nitafsiri kitu.